Petroli ya Kurudi

Vijana, mkitaka kujua ndege inakwenda mbali kiasi gani, msimuulize rubani. Angalieni vitu vinavyoachwa chini. Ndege inayokwenda karibu hubeba kila kitu: mbwa, kreti za bia, hata godoro la mtu. Inayokwenda mbali huanza kuchagua. Hilo nilijifunza nikiwa wa rika lenu, nikijaza petroli kwenye ndege ndogo katika kiwanja kimoja upande wa Kiganjo, na katika kazi yangu yote sikujifunza jambo jingine kwa uchungu kama hilo.

Najua mnacheka. Juzi mjukuu wangu aliandika kwenye simu majina ya viwanja viwili, cha Nairobi na cha huko Kanada anakokwenda kusoma, na kabla sijapata miwani yangu simu ilikwisha kumpa maili na saa. Nikamwambia ni vizuri. Kisha nikamuuliza mizigo yake ina uzito gani, naye akaniangalia kana kwamba nimeuliza habari za mbuzi. Basi haya ninayoandika ni kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine mnaodhani mzee anapotea njia anapozungumza.

Msiwaze kiwanja chenye vioo na ngazi zinazotembea zenyewe. Chetu kilikuwa nyasi, kibanda cha mabati, mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kutuonyesha upepo, na mapipa ya petroli yaliyolazwa kivulini. Mlima Kenya upande mmoja, Nyandarua upande wa pili, na katikati sisi tukipigwa na baridi. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, ule tuliouita imajensi, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Wenyeji wa Nyeri hawakuruhusiwa kusogelea mafuta ya ndege, kwa hiyo wakubwa wa kiwanja walituchukua sisi wa mbali. Mimi ni Mkamba, jina langu Mutua. Lugha yetu na Kigikuyu ni kama ndugu wa tumbo moja, hivyo niliyasikia mengi ambayo wakubwa hawakujua nayasikia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi Okelo, Mjaluo mwenye vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kushika skrubu. Adui wa kwanza wa ndege, alisema, si risasi, ni maji. Tone moja la maji likiingia kwenye injini juu ya msitu, mtu amekwisha. Kwa hiyo tulimimina petroli kupitia ngozi laini iliyotandazwa kwenye faneli. Petroli hupita, maji hubaki juu ya ngozi yakimetameta. Asubuhi tulitoa petroli kidogo chini ya tangi, tukaitia kwenye chupa na kuiinua juani ili kuona kama kuna kitone kimetulia chini. Siku ya kwanza Okelo aliniambia nitikise bawa kidogo ili maji yashuke chini ya tangi. Mimi, kwa bidii ya kutaka kuonekana, nililitikisa kwa mikono miwili na mabega. Rubani alikuwa ndani na kikombe cha chai.

"Wewe Mutua," Okelo akaniambia rubani alipotoka shati lake likiwa la kahawia kwa chai, "hii ni ndege. Hapana mti ya mapera."

Nilicheka baadaye sana, si siku ile.

Kitu cha pili alichonifundisha ni mizani. Ilikuwa mizani ya kupimia magunia ya pareto, na kila kilichopanda ndege kilipanda mizani kwanza, watu wakiwemo. Kulikuwa na memsaab mmoja wa shamba la Naro Moru ambaye hakukubali kupimwa mpaka wanaume wote wageuke, na hata hivyo alimshika mbwa wake mikononi ili mbwa ndiye alaumiwe. Okelo alisoma uzito kimya, akaenda akatoa sanduku la wiski ndani ya ndege. Memsaab alielewa, na hakutusalimia tena.

Sababu ni hii. Kwetu huku juu hewa ni nyepesi, na ndege hupata taabu kuinuka. Ndiyo maana ziliondoka mapema, baridi ikiwa bado kali na hewa nzito, kabla mawingu hayajafunika mlima. Uzito una mpaka wake, na petroli nayo ni uzito. Ukienda karibu, petroli ni kidogo na nafasi ya mizigo ni kubwa. Ukienda mbali, petroli inakula nafasi ya mizigo. Na ukienda mahali ambapo hakuna hata pipa moja la kujazia, lazima ubebe na petroli ya kurudi. Hapo ndipo hata makoti huanza kutolewa.

Sasa nitawaeleza habari za Mama Ndiritu.

Mwanawe Ndiritu alikuwa mwalimu karibu na Kerugoya. Walimshika kama walivyowashika wengi, bila kesi, wakamweka korokoroni muda mrefu, kisha ikatoka amri kwamba yeye na mwenzake mmoja wapelekwe kizuizini mbali. Wengi walipelekwa kwa lori na garimoshi. Hawa wawili walihesabiwa kuwa vichwa vya wengine, hivyo wakaletwa kwetu. Mama yake alipata habari kutoka kwa askari mmoja Mluhya aliyekuwa na huruma. Akaomba pasi ya kutoka kijijini, kwa maana wakati huo watu wa upande wa Gatitu walikuwa wamevunjiwa nyumba zao na kusukumwa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, langoni. Alifika kabla jua halijachomoza vizuri, akasimama nje ya ua wa waya wa kiwanja, kiondo mgongoni, kamba yake ikimkaza kwenye paji la uso.

Lazima mwelewe jambo moja kuhusu kiondo kile. Kina mama wa huku walikuwa na kitu wanachokiita rigu, chakula cha njiani. Mtu hakuondoka bila rigu, na rigu ililingana na safari. Kwenda sokoni Karatina, kiazi kimoja mkononi kinatosha. Kwenda Kerugoya, kiondo. Kwenda kule ambako hujui utalala wapi, kiondo kinajaa na mtu wa pili anabeba kingine. Mama akimfungia mwanawe rigu, alikuwa akikadiria mwendo wenyewe, na hakukosea.

Aliniita kwa mkono. Askari alikuwa ametazama kwingine makusudi.

"Kijana yangu, wewe ndiye wa ndege?"

"Mimi wa petroli, mama."

"Peleka hii kwa Ndiritu. Ni yule mrefu. Mwambie ni mimi nimepika, si mtu mwingine."

Kiondo kilikuwa kizito hata nikakibeba kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na viazi vitamu vilivyochomwa, nduma, ndizi, na njahi, yale maharage meusi ya huku, zilizopondwa na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Sijui alivipata wapi. Kijijini mle watu walikuwa wakilala na njaa.

Nikakiweka kwenye mizani. Rubani wa siku hiyo hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Alitazama mizani, akatazama mapipa mawili ya petroli ya kurudi yaliyofungwa kwa kamba nyuma ya viti, akatikisa kichwa.

"Hapana weza," akasema. "Toa."

Nikatoa nduma. Akatikisa kichwa. Nikatoa ndizi na njahi. Afisa aliyewaleta wafungwa akasema hata hicho kilichobaki kitolewe, hii si harusi. Rubani akamjibu kwa Kiingereza kitu kilichomfanya anyamaze, kisha akachukua mwenyewe viazi viwili, akavifunga kwenye leso yangu, akampa Ndiritu. Ndiritu alivipokea kwa mikono yenye pingu. Alikuwa mrefu kweli, na alipoingia kwenye ndege alilazimika kukunja shingo.

Nikarudisha kiondo kwa mama yake. Njia nzima nilikuwa natafuta maneno, kwa sababu nilijua maana ya mizani ile. Kwa petroli waliyobeba, na kwa vile walivyokataa hata nduma, kijana yule alikuwa anapelekwa kaskazini kabisa, jangwani, mahali ambapo ng'ombe hula vumbi. Mama Ndiritu alikipokea kiondo, akapima uzito wake kwa mkono.

"Ati amechukua nini?"

"Viazi viwili tu, mama. Wamesema ndiyo anaweza kubeba."

"Viwili?"

"Viwili."

Akahesabu kichwani. Kisha uso wake ukabadilika, ukafunguka, na akaanza kucheka.

"Basi ni karibu," akasema. "Nikimpelekea chakula Kerugoya nilikuwa nabeba kiondo mzima na bado anasema njaa. Hii ya viazi viwili ni karibu kushinda Kerugoya. Hawa watu wamenitisha bure."

Karibu naye alisimama mama wa yule mfungwa mwingine, analia na kujipiga kifua. Mama Ndiritu akamshika bega akimweleza: viazi viwili, mama, viwili tu, nyamaza. Nilifungua mdomo nimwambie, na wakati huo huo Okelo akanipigia mluzi. Injini ilikuwa imewaka. Nilikimbia kuondoa magogo yaliyozuia magurudumu, na nilipoinuka ndege ilikuwa inakimbia kwenye nyasi, nao homgadi walikuwa wakiwafukuza wale kina mama kutoka kwenye waya. Mama Ndiritu aliondoka akiwa anatazama juu, bado anacheka, anapunga kitambaa.

Ndege ilirudi siku hiyo hiyo, mawingu yakiwa yamekwisha kuufunika mlima. Okelo alipanda ngazi, akatumbukiza kijiti ndani ya tangi, akakitoa kikiwa kikavu karibu chote. Viatu vya rubani vilikuwa na mchanga mweupe ambao Nyeri haupo. Rubani alisema ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwenda, na kurudi vilevile, upepo ukipenda. Yaani mtu wa ndege alikunywa chai Kiganjo, akaenda mpaka mwisho wa nchi, akarudi kunywa nyingine. Petroli ya kurudi ilikuwa yake. Ndiritu hakuwekewa yoyote.

Nilimuuliza Okelo kama nimwambie yule mama ukweli, iwapo angetokea tena.

"Mimi niko na mama huko Ugenya," akasema, akifuta kijiti. "Hakuna siku nimeshukuru mtu kwa kumnyima furaha. Lakini pia hakuna siku nimeshukuru mtu kwa kumdanganya. Sasa wewe chagua."

Jibu gani hilo. Lakini ndivyo alivyokuwa, fundi wa kila kitu isipokuwa mambo kama hayo.

Nyasi za kiwanja zilikatwa na wanawake wa vijijini, kwa ile kazi ya lazima isiyo na malipo. Waliletwa kwa mstari, panga mkononi, homgadi nyuma na mbele. Mvua zilipokwisha na nyasi zikawa ndefu, walikuja, na Mama Ndiritu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amekonda. Alikata nyasi huku akisogea polepole kuelekea kwenye mapipa yangu, mpaka tukawa karibu.

"Kijana yangu, hii ndege inapita upande gani?"

Nikamuuliza kwa nini.

Akafunua nyasi alizokuwa amekata. Chini yake kulikuwa na kiondo.

"Nimesikia askari akisema ni masaa mbili tu. Masaa mbili mimi natembea hata nikiwa mgonjwa. Homgadi wakikaa kula, mimi naenda. Nampa chakula, narudi kabla hawajahesabu watu. Wewe nionyeshe tu upande."

Mnaona alivyofikiri? Kwake saa ilikuwa ni saa ya miguu, kama ilivyokuwa kwa mama yangu na kwa kila mtu aliyewahi kutembea katika nchi hii. Kutoka Gatitu unahesabu hivyo, na unafika. Na homgadi walikuwa na bunduki, na amri ilikuwa wazi: anayeonekana nje bila pasi akielekea msituni apigwe risasi. Upande wa kaskazini ulikuwa msitu.

Hapo sikuwa na la kuchagua tena. Nilichuchumaa kana kwamba nakagua pampu ya petroli, nikamwambia kwa lugha yangu niliyoipinda ifanane na yake.

"Mama, unaijua Nanyuki?"

"Naijua. Siku nzima, na unalala huko."

"Ndege ikiondoka hapa, na wewe ukianza kumenya kiazi, ikifika Nanyuki bado unamenya."

Akanitazama.

"Kiazi kimoja?"

"Hicho hicho kimoja. Na ikipita Nanyuki inaendelea hizo saa mbili. Inapita mahali pa mawe, inapita mahali hakuna mtu. Wanakataa chakula kwa sababu ni mbali sana mpaka petroli imejaza kila mahali. Ingekuwa karibu wangechukua kiondo chote."

Hakulia. Alikaa chini kwenye nyasi, panga mapajani, na nilimwona anavimenya viazi vile kichwani, kimoja baada ya kingine, anahesabu nchi kwa maganda. Alichukua muda mrefu. Nimeona watu wakipigwa wakati ule, nimeona na maiti zikitandazwa nje ya kituo cha polisi ili wapita njia wazione, lakini uso wa mama yule akikadiria mwendo wa mwanawe ndio unaonirudia nikiwa nimekaa peke yangu. Nilimnyang'anya furaha yake kwa mikono yangu. Najua ilibidi. Bado inaniuma.

Mwishowe alinisukumia kiondo kwa mguu, chini ya pampu.

"Kula wewe."

"Mama, hiki ni chako. Huko kijijini kuna njaa."

"Mimi sikupika rigu nirudi nayo nyumbani. Ukipikia msafiri, chakula hairudi. Wewe pia uko mbali na mama yako. Kula."

Akainuka, akarudi kwenye mstari, akaendelea kukata nyasi.

Wanawake walipoletwa tena, mvua nyingine ikiwa imepita, nilimtafuta nisimwone. Nikamuuliza mmoja wao alipokuja kuomba maji. Akasema alikufa kwa homa ya matumbo, yeye na wengine wengi wa safu yake ya nyumba kijijini, wakazikwa pamoja kando ya handaki. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa kwenye debe anakunywa, kisha akarudi kazini. Okelo alinipa siku ile kazi za kupanda juu ya bawa, ambako hakuna anayemwona mtu uso.

Imajensi iliendelea, ikachoka, ikaisha. Wafungwa walianza kuachiliwa kidogo kidogo. Waliporudi walirudi kwa lori, si kwa ndege. Nilikuwa bado kiwanjani wakati mtu mrefu, mkavu, alipokuja kwa miguu na kusimama nje ya waya mahali pale pale pa kina mama. Nilimtambua kwa shingo. Nikaenda kumfungulia lango, kwa maana sasa lango lilikuwa linafunguliwa.

"Wewe ndiye ulikuwa na leso," akasema.

"Ni mimi."

"Nimefika nyumbani, nimeambiwa. Sikuja kwa hiyo." Alisita, akatazama nyasi. "Nimekuja kuuliza kitu. Siku ile ndege ikiondoka niliangalia dirishani. Mama ya mwenzangu analia. Mama yangu anacheka. Miaka hii yote nikiwa huko najiuliza alikuwa anacheka nini. Nilifikiri labda wamempiga, akili imeenda. Wengine waliniambia labda amefurahi shida imetoka kwake. Mimi sikutaka kuamini, lakini usiku unaamini."

Nikamkalisha juu ya pipa tupu. Nikamweleza yote: mizani, viazi viwili, Kerugoya. Nikamweleza alivyomshika yule mama mwingine bega. Ndiritu aliziba uso kwa mikono yake, mabega yakitetemeka, na nilijua analia na kucheka pamoja, kwa hiyo nilitazama upande wa mlima mpaka akatulia.

"Basi alikuwa na furaha."

"Alikuwa nayo, ndugu yangu. Kubwa."

"Na baadaye? Alikuja kujua?"

Nikamwambia ndiyo, alijua, mimi ndiye niliyemwambia, na kwa nini. Nikamwambia alikuwa amebeba kiondo cha pili ili amfuate kwa miguu. Nilingoja anitukane.

"Hiyo kiondo ilienda wapi?"

"Alinipa mimi. Alisema nile."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Yote?"

"Yote. Kwa siku mbili."

Kisha akaniomba nimwambie mlikuwa na nini ndani. Nikaanza kumtajia kimoja kimoja, viazi, nduma mbili kubwa, ndizi za kuchoma, njahi zilizopondwa, na chumvi kidogo kwenye jani, naye kwa kila kimoja alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepakuliwa chakula.